Mapigo bado yapo, tusubiri

Saluni yangu iko Mtwapa, ukitoka barabara kuu unaingia ndani kidogo, viti vitatu na draya mbili, moja ina kelele mpaka mteja akiwa chini yake lazima upaze sauti ndio akusikie. Nimeanza na hii draya manake karibu kila kitu ninachokijua kuhusu hii mambo ninayotaka kuandika leo, ya kutoa mimba na sheria yake hapa Kenya, nimekisikia hapo, ile kelele ikiendelea. Mtu akiwa chini ya draya anasema vitu ambavyo hawezi kusema pakiwa kimya, halafu stima ikipotea ghafla kila mtu anafunga mdomo na kuangalia simu yake.

Lakini wacha nianze na yangu kwanza, manake siwezi kuandika ya wengine nikificha ya kwangu.

Mwaka 2017 nilikuwa na mimba ya tatu. Ya ndoa, ya kutakwa, mume wangu alishaanza kuiongelesha usiku. Ilikuwa wiki ya 18, siku ya Jumanne asubuhi, namsuka mama mmoja wa makamo, nikasikia maji yanateremka mguuni. Nikadhani mkojo, nikamwambia samahani mamangu nipe dakika moja, nikaenda choo, maji yakaendelea, na hayakuwa na harufu ya mkojo. Nikafunga leso mbili kiunoni nikapanda tuktuk mpaka hospitali (sitaitaja, na haijalishi ni ipi, manake baadaye nimesikia hadithi kama yangu kutoka hospitali nne tofauti).

Wakanipiga skeni. Daktari akaigeuza skrini kidogo nisiione, akaniambia chupa imepasuka, maji yote yameisha, na kwa wiki hizo mtoto hawezi kuishi nje. Halafu akasema, "Lakini mapigo bado yapo, kwa hivyo tusubiri."

Nikaitikia sawa daktari. Sikuuliza tusubiri nini. Leo nikikumbuka, hilo swali moja ndilo linaniumiza kuliko mengine yote, kwamba sikuuliza tunasubiri nini wakati ameshaniambia mwenyewe mtoto hatapona. Tulikuwa tunasubiri moyo wake usimame wenyewe ama mimi niugue kwanza, kimoja kati ya hivyo viwili, na hakuna aliyenitamkia hivyo.

Nililala Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Kitanda cha pili kulikuwa na msichana amejifungua salama, mtoto analia usiku kucha na mimi nimegeukia ukuta. Alhamisi usiku homa ikapanda, nikatetemeka mpaka chuma cha kitanda kikawa kinagonga ukuta, ta ta ta, yule msichana akaogopa akaita sista. Sista wa usiku akaja, mama mtu mzima wa kunizaa, akanishika mkono akanisemesha polepole kabisa, "Mwanangu, mimi ningeweza ningekusaidia tangu ile siku umekuja. Lakini hapa hiyo kitu haiguswi."

Hiyo kitu. Hata yeye hakuitaja jina. Kabla ya adhana ya alfajiri mimba ikatoka yenyewe, nikasafishwa, nikawekwa dripu za antibayotiki siku tano. Nilipona alhamdulillahi.

Kwa hizo siku zote nilizolala pale, neno kutoa mimba halikunipitia akilini hata mara moja. Hilo lilikuwa neno la wasichana wengine, wale tunaowasema. Mimi mke wa mtu, jina la mtoto tulishachagua, linanihusu nini? Kichwani mwangu hiyo huduma haikuwepo Kenya, basi, kama vile theluji haipo Mtwapa. Tena nilikuwa nahesabu siku kwa vidole, manake sisi Waislamu tumefundishwa siku 120 ndio roho inapulizwa, nikapata wiki 18 ni siku 126, nikasema basi hata kwa Mungu nimeshachelewa. Baadaye sana ndio nikajua kwanza hospitali wanahesabu tangu hedhi ya mwisho kwa hivyo hesabu yangu ilizidi kama wiki mbili, na pili wanazuoni wengi wameruhusu hata baada ya hizo siku kama uhai wa mama uko hatarini, wanasema mama ndiye shina na shina halikatwi kuokoa tawi. Hakuna aliyeniambia. Na mimi sikuwa na wa kumuuliza, manake kuuliza tu kungeniweka kwenye lile kundi la wasichana tunaowasema.

Miaka miwili ikapita. Juni 2019 redio iko juu pale saluni, habari za saa saba, Mahakama Kuu Nairobi imetoa uamuzi wa kesi ya msichana anayetajwa kwa herufi tu, JMM. Alibakwa akiwa na miaka 14, akapata mimba, akatolewa na mtu asiyejulikana, akavuja damu, akazungushwa hospitali baada ya hospitali, figo zikaharibika, na mwaka 2018 akafariki. Mahakama ikaamuru mamake alipwe fidia milioni 3. Mteja mmoja akasema mnaona sasa wamehalalisha kuua watoto, wengine wakaitikia ee. Mimi nikabaki na kitana mkononi, manake kwenye ile taarifa mtangazaji alisema maneno matatu, "afya ya mama", kwamba Katiba inaruhusu kama maisha au afya ya mama iko hatarini. Nikajiuliza Katiba gani hiyo.

Usiku nikaitafuta kwa simu. Kifungu cha 26, sehemu ya 4. Inasema utoaji mimba hauruhusiwi, halafu inaendelea, isipokuwa pale ambapo kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyehitimu kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa imeruhusu. Nikaisoma mara tatu. Nikamwamsha mume wangu nikamsomea na yeye. Akanyamaza kitambo akaniuliza, hii ni ya lini? Ya 2010.

Na mimi niliipigia kura hiyo Katiba! Agosti 2010 nilipanga foleni giza bado halijaisha. Makanisa yalikuwa yanapiga kampeni ya LA kwa sababu ya hicho kifungu na pia kwa sababu ya mahakama ya kadhi, na sisi huku pwani masikio yetu yote yalikuwa kwa kadhi, hayo mengine tuliyasikia kama kelele za bara. Kwa hivyo nilipiga kura ya NDIYO kwa kitu ambacho miaka saba baadaye kingenitoa kwenye kile kitanda siku ile ile ya Jumanne, na sikujua kipo.

Kuanzia hapo nikawa na tabia ya kuuliza. Mteja akikaa nikianza kumgawanya nywele, baada ya habari za watoto na bei ya unga, namuuliza hivi, kwa ulivyosikia wewe, Kenya kutoa mimba kunaruhusiwa? Sikuwa nafanya utafiti, mimi ni msusi tu, lakini miaka yote hii nimeuliza wanawake wengi sana, wajawazito na wasio wajawazito, na majibu yanafanana mpaka inatisha.

La kwanza, kila mtu anajua miaka 14. Hata msichana wa form one anakwambia ukitoa mimba unafungwa miaka 14. Hiyo ni ya kweli kwa sehemu, Kanuni ya Adhabu inasema 14 kwa anayemtoa mwenzake mimba, 7 kwa mwanamke mwenyewe, 3 kwa anayetoa dawa au vifaa. Lakini inazungumzia kutoa kinyume cha sheria, na lile neno kinyume cha sheria ndilo hakuna aliyelisikia. Jela tumeisikia sote. Ile isipokuwa ya Katiba haijatufikia.

La pili, wote wanaamini inapatikana. Hapa ndipo mtu wa mbali anapokosea, anadhani mwanamke wa kwetu akiwa na shida anaona hakuna njia. Njia anaziona tele! Anajua karatasi zilizobandikwa kwenye posti za stima, "matatizo ya hedhi piga simu namba hii". Anajua duka la dawa gani ukienda jioni wakikaribia kufunga unamwambia yule wa kaunta, "Daktari, siku zangu zimekataa kuja," na hauhitaji kuongeza neno. Anajua bibi fulani mwenye mizizi, anajua mwarobaini uliochemshwa mpaka ukawa mweusi, majani ya chai nusu pakiti kwa kikombe kimoja, dawa za malaria zikimezwa kwa pamoja. Njia asiyoiona ni moja, ya mlango wa mbele wa hospitali mchana. Nikimuuliza mtu "na hospitali je?" ananiangalia kama nimemwambia aende akajishtaki kituoni.

Kuna mama mmoja, ana watoto watano, yule wa tano alimzaa baada ya kifafa cha mimba, alilala siku tatu hajitambui na daktari akamwambia wazi usibebe tena presha yako haitakubali. Akabeba. Sindano ya kupanga uzazi ilipitwa na tarehe, dawa kituoni ziliisha, hizo mambo mnazijua. Alikuja kwangu akiwa na wiki kama kumi, miguu imeshaanza kuvimba, akaniambia anaenda kliniki kila mwezi lakini hajawahi kumuuliza sista kama kuna jambo linaweza kufanyika. Nikamuuliza kwa nini? Akanijibu, "Nikimuuliza ataandika kwenye kitabu." Kile kitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Aliogopa swali lake litaandikwa pale, halafu siku ya kuzaa mtu mwingine akifungua kitabu asome kwamba huyu mama alitaka kutoa, na amtende vibaya akiwa na uchungu. Mama wa watu, Katiba ni kama iliandikwa ikimwangalia yeye, na anaogopa mstari mmoja wa kalamu ya bluu!

Nilimsindikiza. Afisa wa kliniki aliyemwona alikuwa kijana mwenye adabu, alimpima presha mara mbili, akamsikiliza, akamwandikia rufaa kwa daktari bingwa, na mambo yake yakaisha salama, zaidi ya hapo ni siri yake. Ninachotaka mjue ni kwamba huyo kijana anahesabika. Sheria ya Afya ya 2017 inaposema mtaalamu wa afya aliyehitimu inajumuisha daktari, muuguzi, mkunga na afisa wa kliniki, wawe wamefunzwa mambo ya matatizo ya ujauzito na wana leseni. Wateja wangu karibu wote wanaamini ni lazima madaktari wakubwa watatu wakae kikao wasaini. Sijui hii ya madaktari watatu ilitoka wapi lakini nimeisikia Mtwapa, Kisauni na mpaka Malindi.

Na msinielewe vibaya, huu uoga wetu si ujinga. Nakasirika sana mtu akisema wanawake wakielimishwa tu basi imeisha. Mwaka 2012 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kuwaeleza wahudumu lini wanaruhusiwa kusaidia, Desemba 2013 wizara hiyo hiyo ikauondoa, na Februari 2014 ikaandika waraka kuwaonya wahudumu wasihudhurie mafunzo ya kutoa mimba kwa njia salama na wasitumie Medabon, dawa ya kutolea mimba. Kwa hivyo yule sista wangu wa 2017 aliponiambia haiguswi alikuwa anasema alichoambiwa. Mahakama ilikuja kusema 2019, kwenye ile kesi ya JMM, kwamba kuondoa ule mwongozo na kuandika ule waraka ilikuwa kinyume cha sheria, lakini niambieni, nani alizunguka wadi kwa wadi kuwaambia masista wa usiku? Nilimchukia yule mama miaka miwili mizima, simchukii tena, lakini waliomfunga mikono bado nawachukia.

Mwaka 2018 pia, Novemba, bodi ya madaktari ikawasimamisha Marie Stopes, shirika la afya ya uzazi, wasitoe huduma yoyote ya kutoa mimba, na Desemba ikaondoa marufuku. Ile habari ya kufungwa ilifika saluni siku hiyo hiyo. Ile ya kufunguliwa nilikuja kuisoma mwenyewe muda mrefu baadaye, na mpaka leo kuna mteja akipita mbele ya kituo chao anasema hawa si walifungwa.

Halafu kuna ya hapa hapa Kilifi. Mwaka 2019 msichana wa shule wa miaka 16, kwenye karatasi za mahakama anaitwa PAK, alipata maumivu na kuvuja damu, akaenda kliniki ya karibu, afisa wa kliniki akakuta mimba imeshaharibika akamtibu. Polisi wakaingia akiwa bado anatibiwa, wakawakamata wote wawili, msichana na aliyemtibu, msichana akalazimishwa kupimwa tena na akawekwa mahabusu ya watoto zaidi ya mwezi. Machi 2022 Mahakama Kuu Malindi ikasema ilikuwa makosa kuwakamata na kuwashtaki, na kwamba kupata huduma ya kutoa mimba ni haki chini ya Katiba. Rufaa ikakatwa. Sasa weka hizo habari mbili kwenye mizani, polisi wameingia kliniki, mahakama imesema haki, halafu jiulize ni ipi iliyosambaa WhatsApp ya kijiji. Msichana wa Kilifi anayevuja damu leo anaijua ile ya polisi.

Hapa ndipo roho yangu inauma zaidi. Maana hata mtu akiwa ameshajitolea mwenyewe, hata amekunywa nini, ile damu ikianza kutoka hospitali ina wajibu wa kumtibu, Katiba hiyo hiyo kifungu cha 43 inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Lakini wanawake hawatenganishi hivyo viwili. Kwao kutibiwa baada ya mimba kuharibika na kutoa mimba ni kosa moja, hata aliyeharibikiwa mwenyewe bila kugusa chochote anajificha asije akashukiwa. Wanakaa nyumbani na pedi tatu tatu, siku nne, siku tano, mpaka harufu ndiyo inawatoa. Utafiti wa wizara na kituo cha utafiti cha APHRC ulikadiria mwaka 2012 peke yake mimba zaidi ya 464,000 zilitolewa Kenya na karibu wanawake 120,000 walifika vituo vya afya na madhara. Mimi nawaza kuhusu ambao hawakufika, walioona geti wakarudi.

Kuhusu geti nina ya kuwaambia. Mwaka jana, wakati wa mvua, alikuja binti wa miaka 22, anafanya kazi za nyumba mtaa wa nyuma. Hakuja kusuka. Alikaa kwenye benchi la wateja saa nzima amefunika kichwa na mtandio, wateja walipoisha akaniambia, "Dada, nasikia wewe mtu anaweza kukuambia." Alikuwa anavuja damu siku ya tatu. Sikumuuliza amefanya nini. Nilimshika paji la uso, moto. Nikafunga saluni nikaita tuktuk.

Njiani aliniuliza mara tatu kama polisi watakuwepo. Mara ya kwanza nikamwambia hapana. Mara ya pili nikamweleza kifungu cha 43, nikaona hata hanisikii. Mara ya tatu nikamshika mkono tu. Tukafika, na pale getini amesimama askari wa kampuni ya ulinzi, ana yunifomu ya bluu, kofia, buti na rungu kiunoni, anauliza kila mtu anaenda wapi. Binti alimwona akaganda. Nilimvuta mkono hasogei, damu imeshafika kwenye kandambili, na anamwangalia yule mzee ambaye kazi yake ni kuandika namba za magari. "Si umesema hakuna polisi," akaniambia, na machozi yanatoka bila sauti.

Nilimwita yule mzee mwenyewe. Nikamwambia shikamoo baba, nina mgonjwa, anaogopa yunifomu. Akatuangalia, akaona miguu ya binti, akavua kofia akaiweka kwapani. Sijui alielewa nini. Akaenda mwenyewe kuleta kiti cha magurudumu, akasukuma mpaka ndani, kofia bado iko kwapani.

Sista wa dharura alikuwa mdogo, labda umri wa binti mwenyewe. Binti alikuwa amejitayarishia hadithi, njiani nilimsikia akijisomea, kwamba ameanguka bafuni, kwamba alikuwa amebeba ndoo. Sista akamfunga ile mashine ya presha mkononi, akasubiri ijae, akaandika namba, akamwinamia akamuuliza, "Umekula mara ya mwisho saa ngapi, mamangu?"

Binti akageuka akaniangalia mimi, manake hilo swali hakuwa amelitayarishia jibu.